Kutoka Upper Hill hadi Mfangano: Safari ya gari isiyopimwa kwa kilomita

DEREVA anayekwama katika msongamano wa magari mtaani Upper Hill, Nairobi, huwa amezingirwa na milima bila kujua. Kuna barabara ya Longonot, ya Menengai, ya Elgon, ya Masaba na ya Chyulu. Na kwa kuwa Masaba ni jina jingine la Elgon, mlima huo mmoja umetunukiwa barabara mbili, jambo ambalo hata wenye afisi kando ya barabara hizo ni nadra kulitambua.

Majina hayo yanatosha kuwa ratiba ya likizo. Mtu mwenye gari, leseni na siku tisa za mapumziko anaweza kuondoka mtaani humo, akaiona Longonot, Menengai na Elgon kwa macho yake, akapitia maziwa ya Bonde la Ufa, kisha akateremka hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano katika Ziwa Victoria. Ni safari ambayo watalii wa kigeni wamekuwa wakiifanya kwa miaka mingi, ilhali Mkenya wa kawaida akipata likizo hujua njia mbili tu: ya mashambani kwa wazazi na ya Mombasa.

Kinachowaponza wengi wanaojaribu ni hesabu. Wao hufungua ramani, wakajumlisha kilomita, wakagawanya kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, wakapata jibu. Jibu hilo si sahihi. Katika nchi hii safari hupimwa kwa mambo mawili ambayo ramani ya kawaida haiyaonyeshi: mwinuko wa ardhi na saa za mwanga.

Tuanze na mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya Nakuru hupanda hadi kupita mita 2,500 maeneo ya Kinale, ikateremka Naivasha ambako ni karibu mita 1,900. Ukiacha Nakuru na kuelekea kaskazini unashuka hadi Marigat, mita 1,000 hivi, mahali penye joto la kumchosha mtu kabla ya saa nne asubuhi. Kutoka hapo unapanda tena Kabarnet, unashuka Bonde la Kerio, kisha unapanda ukuta wa Elgeyo hadi Iten kwenye mita 2,400. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,135.

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi na mafuta hayapati oksijeni ya kutosha kuungua. Kwa hiyo gari dogo lililojaa watu na mizigo, likiwa Kinale, limepungukiwa na karibu robo ya nguvu ambazo lingekuwa nazo Mombasa. Dereva anayetaka kulipita lori hapo huhitaji nafasi kubwa kuliko anavyodhani, na mara nyingi huigundua hitilafu ya hesabu yake akiwa tayari upande wa kulia wa barabara. Ongeza ukungu wa asubuhi ambao ni kawaida ya eneo hilo, na utaelewa ni kwa nini kuondoka Nairobi alfajiri mbichi si lazima kuwe ndiyo busara inayosifiwa.

Kuteremka kuna hatari yake. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ukikanyaga breki mfululizo kwa kilomita kadhaa, pedi hupata moto na kupoteza mshiko, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Hapo pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Dawa ni kuteremka kwa gia ileile ambayo ungeitumia kupanda, ili injini ndiyo ilizuie gari. Wenye magari ya gia za kujibadilisha wanayo herufi L au tarakimu 2 kando ya gia, na wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue gari.

Jambo la pili ni mwanga. Katika latitudo zetu jua halina mzaha wa kuchelewa: kufikia saa moja usiku giza limetanda, mwezi wowote wa mwaka. Ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, na barabara ya Nairobi, Nakuru na kuendelea magharibi ina historia ya kutisha. Mnamo Januari 2009 lori la mafuta lililoanguka Sachangwan lililipuka na kuwaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika kuchota petroli. Desemba 2016 moto ulizuka Karai, Naivasha, baada ya lori lililobeba kemikali kugonga magari mengine, na makumi ya watu wakafa. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017 basi na lori viligongana eneo la Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakaangamia. Juni 30, 2023, jioni, lori lilivamia wachuuzi na magari katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50.

Sisemi haya kumtia msomaji woga. Nasema ili ieleweke kwamba kanuni ya kutoendesha gari usiku kwenye barabara hiyo haistahili kujadiliwa. Panga kila siku ya safari iishe saa kumi jioni, na ubaki na saa mbili za akiba kwa pancha, mvua na lori lililokwama. Aidha, kazi ya kupanua barabara hiyo kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025. Ujenzi huja na michepuko na foleni, basi anayekwenda huko aongeze muda zaidi.

Kabla ya kuondoka, kuna suala la bima, na hapa mkazi wa Upper Hill hana kisingizio kwa kuwa kampuni nyingi za bima ziko mlangoni pake. Bima ya lazima kisheria hulipa madhara yanayompata mtu mwingine tu; gari lako likitumbukia mtaroni Timboroa, hasara ni yako. Kwa anayekodi gari, swali muhimu zaidi ya bei ni hili: je, gari hili limewekewa bima ya kukodishwa, au ni gari la mtu binafsi lililowekewa bima ya matumizi yake mwenyewe? Magari ya aina ya pili ni mengi mjini, hukodishwa kwa bei nafuu kupitia jamaa na marafiki, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Omba kuiona stakabadhi yenyewe. Uliza pia ni kiasi gani utalipa kutoka mfukoni kabla ya bima kuanza kugharamia. Mkodishaji mwaminifu hakasiriki kwa kuulizwa.

Kuhusu gari lenyewe, si lazima liwe kubwa. Sehemu kubwa ya njia hii ni lami. Gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne linahitajika ndani ya mbuga ya Mlima Elgon na kwenye barabara za udongo mvua ikinyesha, basi. La lazima ni gurudumu la akiba lenye upepo, jeki inayofanya kazi na mtu mmoja garini anayejua kuitumia.

Siku ya kwanza ni fupi kwa makusudi: Nairobi hadi Naivasha, kilomita 90 hivi. Anayepitia njia ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, barabara iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano ambao mwaka 1942 waliacha pia kanisa dogo kando yake. Mai Mahiu ni Kikuyu cha maji moto. Mahali hapo pana kovu jipya zaidi: alfajiri ya Aprili 29, 2024 maji yaliyokuwa yamezuilika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia, yakasomba nyumba na watu, na makumi wakafa.

Longonot ina urefu wa mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni kilomita 3 na ushei za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7 nyingine. Mtu mwenye afya ya wastani hutumia saa nne hadi tano. Njia haina maji wala kivuli cha maana. Jirani yake, Hell's Gate, ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli katikati ya pundamilia, lakini mtu asiingie kwenye korongo lake la mawe ikiwa mawingu yametanda popote karibu. Mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019, na mvua yenyewe inaweza kunyesha mbali, usiyoiona.

Ada za mbuga hulipwa kupitia eCitizen, na shirika la KWS halipokei pesa taslimu langoni. Lipa ukiwa bado mahali penye mtandao mzuri.

Kutoka Naivasha ndipo maziwa yanapoanza, na ndipo pia ramani ya zamani inapoanza kusema uongo. Tangu takriban mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Naivasha limeingia mashamba na mitaa ya watu. Mwaka 2025 familia nyingi za mtaa wa Kihoto zilihama nyumba zao kwa mashua. Nakuru lilimeza lango kuu la zamani la mbuga pamoja na barabara za kandoni. Baringo limefunika hoteli, zahanati na shule ufuoni. Ripoti iliyotolewa na serikali mwaka 2021 ilitaja kuongezeka kwa mvua kama sababu kuu, pamoja na udongo unaosombwa kutoka vilima vilivyokatwa miti na kujaza sakafu za maziwa. Mienendo ya matabaka ya ardhi nayo ilitajwa.

Kwa msafiri maana yake ni mbili. Kwanza, kitabu cha mwongozo au ramani ya karatasi iliyochapishwa kabla ya 2010 itakuelekeza majini. Piga simu hotelini na langoni kabla ya kwenda, uulize njia inayopitika. Pili, usitarajie picha zile za kalenda. Ndege aina ya heroe, wale wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, hula mwani unaostawi katika maji ya magadi. Mvua ilipoyazimua maji ya Nakuru, mwani ulipungua na ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Vifaru bado wako Nakuru, na msitu wa migunga ya manjano uliosimama majini umekufa wima, mandhari ya kuhuzunisha ambayo hata hivyo inastahili kuonwa. Elementaita, Nakuru na Bogoria yaliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011.

Menengai usiipite. Wasafiri wengi hupita mjini Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, bila kujua kuwa mlima ulio juu ya paa za nyumba ni tundu: bakuli la volkano lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, ambamo mvuke wa ardhini hutoboka na sasa unavunwa kuzalisha umeme. Barabara hufika hadi ukingoni.

Siku ya tatu ni Nakuru hadi Kampi ya Samaki ufuoni mwa Baringo, takriban kilomita 120, ukipitia chemchemi za maji moto za Bogoria. Baringo ni ziwa la maji baridi. Mashua humpeleka mgeni kisiwa cha Ol Kokwe. Viboko na mamba wamo, na kwa kuwa maji yamesogea, wanyama hao nao wamesogea karibu na nyumba. Yafaa kusema wazi pia kwamba Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Baringo na Elgeyo Marakwet zikiwemo, kuwa zenye vurugu na hatari kutokana na wizi wa mifugo. Uliza hali ilivyo katika kituo cha polisi cha Marigat, na usijipeleke kaskazini zaidi kwa udadisi tu.

Marigat hadi Iten ndiyo sehemu ninayoiona kuwa bora kuliko zote, na haifiki kilomita 110. Barabara hupanda milima ya Tugen kwa kona moja baada ya nyingine hadi Kabarnet, kisha hujitupa chini katika Bonde la Kerio, ambako mto huo hupita katikati ya kuta za mwamba pale Cheploch. Ng'ambo yake unaona ukuta wa Elgeyo ukiwa umesimama mbele ya kioo cha gari, na huamini kuwa kuna barabara ya kuupanda. Iko, kupitia Tambach. Ukifika juu, Iten, umepanda zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo mfupi, na wanaokupita kwa miguu bila kuhema ni wale wanariadha ambao huwaona kwenye televisheni. Tenga siku nzima kwa kipande hiki na ulale Eldoret au Kitale.

Mlima Elgon uko mpakani. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Upande wetu kipo Koitobos, mita 4,222. Mbuga ya upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968 na hufikiwa kutoka Kitale kupitia Endebess. Wageni huja kuona mapango, hasa la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani usiku wakipapasa kwa mikonga na kuichokoa miamba kwa pembe ili walambe chumvi. Hakuna kwingine nchini unakoweza kuona alama za kazi kama hiyo ukutani. Tahadhari moja: wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamezuru pango hilo, na popo ndio wanaoshukiwa kubeba virusi vyake. Sikiliza maagizo ya askari wa mbuga na usishike popo wala vinyesi vyao. Ukiwa na saa mbili za ziada, pita mbuga ya Saiwa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita 3 tu za mraba, umtafute nzohe, swala wa kinamasini.

Kitale hadi Kisumu kupitia Webuye na Kakamega ni siku ya kuendesha gari tu. Malori ya miwa hutembea polepole na usiku baadhi yake hayana taa za nyuma.

Kutoka Kisumu hadi visiwani kuna njia mbili. Ya kwanza huzunguka Ghuba ya Winam kupitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, kilomita 150 hivi za lami. Ya pili hupitia Bondo hadi Luanda Kotieno, ambako feri huvusha watu na magari hadi Mbita. Feri ina nafasi chache za magari, kwa hiyo anayefika amechelewa husubiri safari inayofuata akitazama maji.

Rusinga si kisiwa cha kuhitaji mashua. Katika miaka ya 1980 tuta la mawe lililiunganisha na Mbita. Baadaye wakazi na wavuvi walipolalamika kwamba tuta limezuia mkondo wa maji, daraja likajengwa. Huko Kasawanga ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi katikati mwa Nairobi Julai 5, 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Kaburi lake limejengwa kwa umbo linalofanana na risasi. Maelfu hupita kila siku kwenye barabara ya Tom Mboya jijini wakikimbilia matatu. Wachache mno wamesimama hapa.

Ni Rusinga pia ambako Mary Leakey aligundua, mwaka 1948, fuvu la kiumbe aina ya nyani mkubwa aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita. Kwa muda mrefu aliitwa Proconsul. Tangu 2015 wanasayansi wamempa yule wa Rusinga jina la Ekembo, lililotoka katika lugha ya Kisuba.

Lugha hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuvuka hadi Mfangano. Abasuba walitoka upande wa Uganda na kwa vizazi kadhaa wengi wao wamehamia Dholuo, hasa bara na Rusinga. Mfangano ndiko Kisuba kinakosikika zaidi, na hata huko wanaokizungumza vyema ni watu wazima. Jumba la makumbusho la jamii hiyo ndilo linalowaongoza wageni hadi Kwitone, kwenye michoro ya miamba: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, inayoaminika kuwa kazi ya Watwa, wawindaji walioishi hapo kabla ya wote. Wazee huihusisha na kuomba mvua. Michoro ya aina hiyo ikifutwa kwa mikono ya wageni hairudi, kwa hiyo usiiguse. Gari liache Mbita mahali pa kulipia. Boti huwa na safari kila siku, na abiria anayo haki ya kudai koti la kuokolea maisha kabla ya boti kung'oa nanga.

Mambo mawili ya afya. Malaria imeenea kandokando ya ziwa kuliko Nairobi, na watoto waliolelewa mjini hawana kinga yoyote. Beba vyandarua na umwone daktari kuhusu dawa kabla ya kuondoka, si baada ya homa kuanza. Kichocho nacho huishi katika maji ya kandoni, kwa hiyo kuogelea ufuoni si burudani ya bure.

Mwenye siku moja ya ziada apitie mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe, makazi ya mwisho nchini ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Funga madirisha, mbung'o wapo.

Kurudi kuna njia nyingine isiyogusa Salgaa: Homa Bay, Rongo, Kisii, Bomet, Narok, Mai Mahiu. Ni takriban kilomita 400 kutoka Mbita hadi Nairobi na huchukua saa nane au zaidi, kwani kuna milima ya Gusii, miji yenye matuta mengi na bodaboda zisizotabirika. Weka mafuta Kisii na tena Narok. Ikiwa saa yako inasoma saa kumi jioni nawe bado uko Narok, lala hapo. Kesho yake asubuhi utapita kati ya Suswa upande wa kulia na Longonot upande wa kushoto, kisha utaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa gia ya pili nyuma ya malori, na kabla ya adhuhuri utakuwa Upper Hill ukitafuta pa kuegesha.